Saini ya Pembe: Istilahi za Hisabati na Uchoraji Mbele ya Mwanafunzi wa Kampala

Istilahi hupimwa na kamati iliyoiunda, kisha hupimwa na mtu anayelazimika kuitumia. Katika makala haya tunazipima kwa njia hiyo ya pili istilahi chache za trigonometria na uchoraji wa kiufundi. Mpimaji wetu ni mwanafunzi wa Nakivubo, Kampala, ambaye nyumbani huzungumza Kiluganda, na ambaye jirani yake, upande wa Kisenyi, mafundi hukata na kuchomelea vyuma.

Tuanze na sifa. Pembetatu, kipenyo, nusukipenyo, sambamba, pembe kali na pembe butu ni istilahi zilizokomaa. Tangu 1967 shule za msingi za serikali nchini Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na maneno hayo yamepita vinywani mwa watoto wengi. Trigonometria husubiri sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Ndiyo maana istilahi zake zimebaki katika orodha bila kusuguliwa na matumizi.

Mfano wake ni saini. Neno hili limekopwa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, ilhali Kiswahili tayari kina saini ya kutia kwenye barua. Mwanafunzi akiambiwa "tafuta saini ya pembe", atauliza ni nani aliyeisaini.

Huenda msomaji akatujibu kwamba pembe nayo ina maana nyingi. Ni kweli, na kwa Mganda jambo hili lataka maelezo, kwa kuwa Kiluganda hutenganisha ejjembe ya ng'ombe na ensonda ya chumba. Hata hivyo maana za pembe ni ndugu, na mwalimu anaweza kuonyesha undugu huo ubaoni. Ndivyo ilivyo pia kwa ramani ya nchi na ramani ya nyumba. Saini mbili hizi hazina undugu wowote. Zimegongana tu njiani.

Tunapendekeza sini na kosini. Maumbo haya hayagongani na saini, na yanakaribiana na vifupisho vilivyo kwenye kikokotoo. Wala hatuna deni kwa matamshi ya Kiingereza. Neno lenyewe lilianza katika Kisanskriti kama jya, uzi wa upinde. Waarabu wakalichukua kama jiba. Wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalisoma jaib, yaani kifua au mfuko wa vazi, wakaandika sinus. Kila lugha ililipokea kwa sauti zake.

Lakini kubadili tahajia hakutoshi. Istilahi huhitaji fasili inayoshikika. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, na mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani. Hufika juu mita 4. Sini ya pembe iliyo chini ni upande unaoikabili pembe hiyo ukigawanywa kwa upande mrefu: 4 kwa 5, yaani 0.8. Kosini ni upande unaopakana nayo ukigawanywa kwa huo mrefu: 3 kwa 5, yaani 0.6. Hapa hakuna neno litakalomshinda mwanafunzi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuunda istilahi mezani bila kwenda karakanani. Timazi, pimamaji, bikari na guni ni maneno ya kazi yaliyopo tayari. Mwonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni hueleweka kwa kusikika tu. Kamusi ya ufundi ianzie hapo.

Jambo hili si la anasa. Mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere, katika jiji hili hili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tukimfundisha kijana salamu na methali pekee, atakihesabu Kiswahili kuwa lugha ya sokoni na kambini, kama wengi walivyokihesabu kabla yake. Akiweza kukitumia kupima paa, atakuwa na sababu ya kukishika.

Walimu wenzetu, tunaomba maoni yenu, hasa kutoka kwa mnaofundisha mafundi.