Wanaosoma Baridi

Asubuhi isiyo na ukungu, ukipanda juu ya paa la ghorofa pale Makongeni, Thika, ukatazama kaskazini, utauona Mlima Kenya: vilele vyeusi vilivyochongoka, na michirizi myeupe ubavuni. Ni kama kilomita mia moja kutoka hapa. Ikifika saa tatu, mara nyingi mawingu yameshaufunika, nasi tuko viwandani, sokoni au kwenye foleni ya matatu. Saa hiyo viongozi wa mlima wanakaribia kumaliza sehemu ngumu ya kazi yao. Nimeipenda kazi hiyo muda mrefu, na nadhani haisifiwi inavyostahili, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea.

Kwingine wapandaji husaidiwa: kule Davos, Uswisi, wataalamu wamekuwa wakichunguza theluji tangu miaka ya 1930. Theluji ya Alps hukaa miezi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka dhaifu la Desemba laweza kungoja hadi Februari ndipo likatike, mteremko ukaporomoka pamoja na walio juu yake. Miteremko inayoogopwa zaidi ni ya nyuzi 30 hadi 45. Mpandaji wa huko husoma kwanza taarifa ya siku yenye viwango vitano vya hatari, kisha akifika huchimba shimo akague matabaka kwa mkono.

Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta. Jua huyeyusha mchana, baridi hugandisha usiku, mwaka mzima, na theluji haipati miezi ya kuficha udhaifu wake. Maporomoko makubwa ya theluji ni nadra. Hatari imehamia kwenye mawe. Wala hakuna ofisi inayotoa taarifa ya kila asubuhi. Kiongozi anajisomea mwenyewe, gizani.

Ndiyo maana safari ya kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, huanza usiku wa manane. Wageni hudhani wanawahishwa kuona macheo. Macheo wanayaona, ila sababu kubwa ni changarawe. Usiku maji yaliyo katikati ya vijiwe huganda, mteremko ukashikana, na mguu ukiukanyaga unatulia. Jua likishapanda, mteremko uleule hukurudisha nyuma kila unapopiga hatua. Kiongozi mzuri anaijua saa ya badiliko hilo, na mwendo wa kundi lake anaupima kwa saa hiyo. Akiona mgeni wa mwisho anahema vibaya, anaanza kupiga hesabu ya kurudi kabla mgeni mwenyewe hajawaza.

Mtazame akivuka theluji. Anachoma fimbo mbele yake na kusikiliza. Ukoko mgumu una mlio wake. Theluji iliyolowa haina mlio, fimbo inazama tu. Barafu ya zamani, ile ya kijivu inayong'aa, anaizunguka au anasimamisha watu wavae njumu za chuma. Kisha anainua uso kuangalia mawe ya juu, maana vijiwe vikianza kudondoka kimoja kimoja, mlima umeshaanza kulegea. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia mgeni aliyekuwa amelipa pesa nyingi: "Leo hapana. Turudi." Mgeni alinuna hadi kambini. Mzee akamtengenezea chai.

Majira nayo yana hesabu yake. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini mwa ikweta, basi upande wa kusini hubaki kivulini na barafu yake hukomaa. Januari mambo hugeuka. Ufa wa barafu wa Diamond Couloir, ulio kusini, ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge. Jina la pili lingepaswa kujulikana zaidi shuleni kwetu.

Ustadi huu hautoshi kila mara. Januari 2006, chini ya njia ya Western Breach kule Kilimanjaro, mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda mrefu. Barafu ikipungua, mawe iliyokuwa imeyashika kwa karne nyingi yanabaki bila mshiko, na hapo hata usiku wenyewe hauaminiki kama zamani.

Kwenye Mlima Kenya, barafu ya Lewis, ambayo mpandaji Mackinder na wenzake waliivuka mwaka 1899 wakienda kilele cha Batian, imekatika vipande na inazidi kusinyaa. Diamond Couloir kuna misimu haipandiki tena. Viongozi wazee wamelazimika kujifunza upya mahali walipopajua kwa moyo: palipokuwa na barafu ya kukanyaga sasa pana mwamba uliosuguliwa na kokoto zisizotulia. Wanaoingia kazini leo hufundishwa kusikiliza mawe kabla ya kufundishwa kuvaa njumu, na baadhi yao huenda wasizihitaji kabisa njumu hizo watakapofikia umri wa yule mzee.