Sanaa ya Sikio katika Kisiwa chenye Hazina

Mwaka 1881, huko Braemar katika milima ya Uskochi, hali mbaya ya hewa ilipowazuilia watu majumbani, Robert Louis Stevenson alikaa na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, wakaburudika kwa ramani ya kisiwa kisichokuwapo duniani. Na katika ramani hiyo ndimo ilimozaliwa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipokea kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Nilipoisoma ujanani, moyo wangu ulikuwa juu ya dhahabu. Sasa, baada ya dahari nyingi, nimeirejea, nikabaini kwamba umahiri wake mkubwa haumo katika yanayoonekana, bali katika yanayosikika.

Yule kipofu Pew atosha kuwa ushahidi. Usiku wa baridi kali, mamake mvulana msimulizi, Jim Hawkins, aliyefiwa na mumewe karibuni, anahesabu sarafu za mataifa mbalimbali kutoka sanduku la baharia marehemu, kwa kuwa uaminifu wake haumruhusu kuchukua zaidi ya anachomdai, wala ukaidi wake haumruhusu kukubali pungufu; na kabla hesabu haijatimia, inasikika fimbo ya kipofu ikigonga juu ya barabara iliyoganda, ikikaribia, ikaupiga mlango, kitasa kikatikiswa, pakawa kimya, kisha fimbo ikaenda zake. Hapakumwagika damu wala hapakufutwa upanga. Lakini msomaji huzuia pumzi, maana unyofu wa mama na hatari iliyo nje vinashindana, sarafu kwa sarafu na pigo kwa pigo.

Ama lile pipa la matufaha, hapo ufundi umefika upeo. Jim, aliyeingia humo kutafuta tunda akakaribia kusinzia kwa mwendo wa merikebu, anamsikia John Silver, mpishi wa merikebu hiyo, Hispaniola, akimvuta baharia kijana katika njama ya uasi. Na kinachomchoma kwanza, kabla hata ya habari za mauaji, ni kwamba sifa tamu anazomwagiwa yule kijana ni zile zile alizokuwa amemwagiwa yeye. Naam, pasipo kuhubiri hata neno, mwandishi amemwonyesha mtoto kuwa upendo wa mtu mzima waweza kuwa bidhaa, auziwe huyu leo na yule kesho. Sijasoma usaliti uliofichuliwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Baadaye kasuku wa Silver atapiga kelele gizani, ndipo Jim atambue kuwa ameingia ngomeni kwa adui. Na Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu, atawatetemesha maharamia kwa kuigiza kati ya miti sauti ya nahodha wao aliyekwisha kufa.

Sura ya 16 hadi ya 18 husimuliwa na Daktari Livesey badala ya Jim, na kwa insafu yapasa kusema kuwa joto la hadithi hupungua hapo, kwani daktari huona mambo barabara na kuyatolea taarifa, wala taarifa haimtii mtu hofu kama kishindo kisichojulikana kilikotoka.

Hata hivyo, namstahi Stevenson kwa jinsi alivyomwondoa Silver. Mtu huyu, ambaye ulimi wake uliwatiisha mabaharia na kuwalaghai mabwana, anatoroka bandarini na mfuko wa fedha ilhali Jim yuko katika merikebu nyingine, na habari zake zinaletwa na Ben Gunn. Hakupewa hotuba, wala kwaheri, wala neno moja la kujitetea.