Udongo wa Kuchoma au Terakota?

Miongoni mwa vitu vya kale vinavyowatatiza wafasiri wa maandishi ya makumbusho ni kile kisanamu cha udongo kinachoonyesha mtu amepanda farasi. Vya namna hiyo vimepatikana katika kisiwa cha Kipro. Huko Ayia Irini, wataalamu wa Sweden walianza mwaka 1929 kufukua sanamu za udongo zipatazo 2,000, nyingi zikiwa za karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo. Kwa Kiswahili majina matatu huja upesi kinywani, na yote yana kasoro.

La kwanza ni kinyago. Kinyago huchongwa, nacho huchongwa kwa mti; udongo hufinyangwa.

La pili ni mwanasesere. Huyo ni mtoto wa bandia wa kuchezea, ilhali sanamu za Ayia Irini zilikutwa zimepangwa kuizunguka madhabahu. Hata kwetu, visanamu vya udongo alivyovieleza Hans Cory katika kitabu chake cha mwaka 1956 vilitumiwa kuwafundishia wari, pamoja na nyimbo zake. Havikuwa vya mchezo.

La tatu ni terakota, neno la Kiitaliano lenye maana ya "udongo uliopikwa". Kosa lake si ugeni, kwani hata jina la farasi asili yake ni Kiarabu, wala hatulikatai. Kosa ni kumficha msomaji jambo analolijua. Mkazi wa Nalasi, mkoani Ruvuma, hutofautisha matofali mabichi na matofali ya kuchoma, naye ajua kwamba mvua huyamomonyoa yale ya kwanza. Ni moto huo huo uliozihifadhi sanamu hizo kwa miaka 2,500. Basi "udongo wa kuchoma" ni istilahi iliyokwisha kuandaliwa na wananchi wenyewe. Kazi yetu ni kuipokea.

Limesalia jina la yule aliyeketi juu ya mnyama. "Mpandaji" peke yake, katika nchi ya mikorosho, ni mtu apandaye mbegu. Tena farasi ni mgeni kusini, kwa kuwa mbung'o hawamwachi aishi. Msomaji hana picha ya kumsaidia kukisia. Hapana budi tuseme kwa ukamilifu: kisanamu cha mpanda farasi, cha udongo wa kuchoma.

Atakayelalamikia urefu wake na akumbuke kwamba mwanafunzi wa Nalasi huenda asikione kabisa kitu chenyewe. Atakachopata ni maneno yetu tu.