Gego la Kuvishwa Kofia

Daktari wa meno anayeijua kazi yake hulipima gego bovu kwa kuta zilizosimama kuliko kwa ukubwa wa shimo. Gego lililooza katikati huku kuta zake zote zikiwa nene huhitaji kuzibwa tu. Anayekuhimiza ulivishe kofia, yaani kifuniko cha jino zima, muulize sababu, maana ili kofia ikae, jino huchongwa pande zote, na upande wa kutafunia hupunguzwa milimita 1.5 hadi 2. Kilichochongwa hakirudi.

Mambo hubadilika ncha za kutafunia zikiwa nyembamba au zimeshakatika. Kila unapotafuna, kizibo huzisukuma kuta kwa nje, hadi siku unapouma kijiwe kwenye wali na gego linapasuka. Lililotibiwa mzizi liko karibu zaidi na hatari hiyo, kwa kuwa limeoza sana na kutobolewa tena katikati. Hilo livishwe mapema. Meno ya mbele yana habari yake: hayasagi, na mengi hudumu kwa kuzibwa tu hata baada ya mizizi kutibiwa.

Dalili ninayoiheshimu kuliko zote ni maumivu yanayochoma pale unapoachia baada ya kuuma. Mara nyingi huo ni ufa, na eksirei huenda isiuone kabisa. Daktari makini atakuambia uume kijiti kwenye ncha moja baada ya nyingine mpaka aupate. Kofia hulifunga jino la namna hiyo lisiachane, ila ufa ukishafika chini mzizini, jino ni la kung'oa.

Rangi peke yake si sababu ya kuvisha jino kofia. Meno ya kahawia ya waliokulia Arusha au Kilimanjaro kwenye maji yenye floraidi nyingi huweza kung'arishwa kwa njia zisizochonga jino zima.

Kipimo ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi ni hiki: juu ya fizi libaki jino zima la karibu milimita 2, kuzunguka pande zote, kofia ipate cha kukumbatia. Likikosekana, hata kofia ya zirkonia ya bei kubwa itang'oka na kisiki chake.

Kofia ikishawekwa, pitisha uzi wa meno: ukwame kidogo, kisha uingie. Ukipita bila kugusa, chakula kitanasa hapo kila siku. Na fizi ikiendelea kutoa damu wiki kadhaa baadaye, rudi ukaguliwe ukingo wa kofia, kwani hapo ndipo kuoza kupya huanzia.