Uzi Ukikatika, Dansi Halilali

Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa. Mabehewa mengine hufungwa kichwa cha kwenda Kigoma, mengine hugeuka kaskazini kuelekea Mwanza, na watu wa Mpanda nao wana njia yao kupitia Kaliua. Abiria mzoefu huuliza mapema kama behewa alilokaa ndilo lake. Tumba haziulizi. Miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, nikiwa kijana mbeba vyombo wa bendi ambayo jina lake nalificha kwa heshima ya kaka zangu, sisi tulikwenda Mwanza na tumba zetu mbili zikaenda Kigoma. Aliyezipakia ni mimi.

Usiku ule mpiga tumba wetu alitumia sanduku la mbao la majani ya chai. Alilipindua, akalitia shuka kuukuu ndani ili lisipige kelele za mbao tupu, akapiga katikati kwa kiganja kupata sauti nene na ukingoni kwa vidole kupata sauti kali. Watu walicheza mpaka saa nane za usiku. Tulipokuwa tukifungasha, mzee mmoja akanivuta pembeni akaniuliza zile tumba za kisasa tumezinunua wapi.

Wanamuziki wa zamani wakikutana kwenye kahawa, visa vya namna hii huwapa raha kuliko hata nyimbo walizotunga. Suruali ya bugaluu iliyopasuka katikati ya sebene. Maiki iliyopiga mluzi bwana harusi akianza kushukuru. Tunacheka, tunapigana makofi mgongoni, tunaagiza kahawa nyingine. Lakini kila kisa kina swali la kiufundi ndani yake: mbona dansi halikusimama? Bahati ilikuwepo, sikatai. Ila nikivichambua kimoja kimoja naona jambo moja linajirudia. Muziki wa dansi ulipangwa ili kila kazi iwe na mtu wa pili anayeweza kuidaka.

Kwa Tabora, mpango huo una mizizi mirefu. Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Kazeh, ilipo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, utemi wa Unyanyembe ulikuwa tayari njiapanda ya misafara kati ya pwani na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mizigo ya kilo 30 hivi, kirangozi akiwa mbele, na wimbo ndio uliopanga hatua. Mmoja anaanzisha, mstari mzima unaitikia. Mwanzishaji akikohoa au akijikwaa, kiitikio kinaendelea mpaka apate pumzi, au mwingine adake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Kuimba kwa kupokezana kulibaki kwa watu, na magitaa yalipokuja yakakukuta.

Mji huu ulilea bendi kweli kweli. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitamba tangu miaka ya 1950. Nyanyembe Jazz ilibeba jina la utemi wa hapo hapo. Tabora Jazz ilikuwa na mtindo wake wa Segere Matata, na Shem Karenga, mtunzi wa “Dada Asha”, akaifanya ijulikane nchi nzima. Huko Dar es Salaam, hata Western Jazz ilijiita hivyo kwa sababu ya watu wa Jimbo la Magharibi. Tuanze basi na kilichokuwa kikiwasumbua wote: nyuzi.

Uzi wa gitaa mara nyingi hukatikia mahali pale pale, pale unapopindia kwenye chuma cha briji au kwenye kigingi cha kukazia. Jasho huleta kutu, kutu huchimba, na mpigaji akiingia kwenye chemko, sehemu ya pili ya wimbo, kwa hasira, uzi unaachia. Gitaa la umeme hubeba mvuto wa kilo 45 hivi kwa nyuzi zake sita. Ukikatika mmoja, kilo saba hivi zinatoweka kwa mpigo. Kwenye gitaa lenye briji iliyokazwa moja kwa moja kwenye mbao, nyuzi tano zilizobaki hazitikisiki sana. Mpigaji anakwepa pengo na maisha yanaendelea. Kwenye gitaa lenye briji ya springi, lile lenye mkono wa kutikisa sauti, springi zilikuwa zikivutana na nyuzi zote sita. Upande mmoja ukipungua, springi zinashinda, briji inalala nyuma, na nyuzi zote zilizobaki zinapanda sauti. Gitaa zima linakuwa la kigeni katikati ya wimbo. Ndiyo maana wazee wengine waliziba nafasi ya springi kwa kipande cha mbao. Tukiwa vijana tuliona ni ushamba. Ilikuwa bima.

Mandolini, ambayo Kiko Kids waliipa nafasi kubwa katika muziki wao, ina bima yake ya kuzaliwa nayo. Ina nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, kila jozi kwa sauti moja. Mmoja akifa, pacha wake anaendelea kuimba.

Gitaa halina pacha ndani yake, kwa hiyo pacha wake akawekwa jukwaani. Solo hupiga mdundo wa juu, solo la pili humjibu, ridhimu hujaza katikati, besi hushika chini. Vipande hivi hufumwa kama ukili: kila kimoja kifupi, kinajirudia, na kimeacha nafasi ambamo kingine kinaingia. Uzi wa solo ukikatika, solo la pili hupanda kuchukua usukani, ridhimu anaongeza vidole viwili vitatu kuziba pengo, na mcheza dansi anahisi tu kwamba wimbo umegeuza sura. Halafu kuna faida ya chemko lenyewe. Sehemu ya kwanza ya wimbo ina mashairi na urefu unaojulikana. Chemko ni duara, halina mwisho mpaka kiongozi atoe ishara. Kubadilisha uzi huchukua dakika tatu hivi, na chemko huweza kutanuka kwa dakika tatu bila mtu kulalamika. Anayeumia ni mpiga drams peke yake. Mwaka 1985, kwenye tamasha la Farm Aid kule Marekani, mpiga gitaa B.B. King alikatikiwa uzi akaubadilisha huku akiendelea kuimba, na dunia ikashangaa. Alistahili. Ila na bendi nayo ilikuwa ikimshikia wimbo nyuma yake.

Kubadilisha uzi kunataka uzi wa kubadilishia. Kutoka Tabora, Dar es Salaam ni kilomita 840 kwa reli, na miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hata huko dukani hapakuwa na kitu. Nyuzi za besi zilichemshwa kwenye sufuria ili mafuta na jasho vitoke kwenye mizunguko ya waya. Zilirudisha ukali kwa maonyesho machache. Uzi wa kwanza wa gitaa ulichomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, msokoto ukifumuliwa na unywele mmoja kunyooshwa. Ulikata vidole, lakini ulipiga. Kijana mmoja wa bendi yetu akaona atatuzidi akili. Akarudi kutoka Ujiji na mshipi wa nailoni wa wavuvi, akaufunga mchana, akatupigia gitaa halijachomekwa kwenye amplifaya. Sauti tamu, laini. Usiku akapanda jukwaani, akafumba macho, akapiga solo la maisha yake, na spika ikanyamaza kama kaburi. Kifaa kinachonasa sauti kwenye gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya. Husikia chuma tu. Nailoni haioni. Ridhimu alidaka haraka, lakini yule kijana, macho yakiwa bado yamefumbwa, aliendelea kujisikia mwenyewe kichwani kwa muda mrefu sana.

Upande wa ngoma, adui yetu ilikuwa sakafu. Kumbi nyingi zilikuwa na saruji nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka unajiona. Ngoma kubwa ya drams hupigwa kwa pedeli ya mguu, na kila pigo huisukuma mbele kidogo. Ina vijiti viwili vya chuma vya kung'ata sakafu, lakini kwenye saruji ya nta vijiti hivyo ni sawa na viatu vya ngozi kwenye tope. Kwa mapigo mia moja na zaidi kwa dakika, ngoma inaanza safari. Niliwahi kumwona mpiga drams wetu akiifuata na kigoda chake, hatua kwa hatua, kutoka nyuma ya jukwaa mpaka akawa sambamba na waimbaji. Wateja walishangilia, wakidhani ni mtindo mpya. Dawa tuliipata baadaye: gunia la katani chini ya drams zote, mguu wa kigoda juu ya gunia hilo hilo, ili uzito wa mpigaji mwenyewe uwe nanga ya ngoma yake. Tumba nazo zilikuwa na yao. Ngozi hulegea ikinyonya unyevu wa masika, kwa hiyo mbeba vyombo hukaa nyuma ya ukumbi na jiko la mkaa, akiipasha na kuigonga mpaka ikaze. Ukiisogeza karibu mno inachanika, na hapo unaanza kutafuta sanduku la chai.

Umeme ndio mtihani mkubwa kuliko yote, kwa kuwa haukati uzi mmoja, unakata bendi nusu. Magitaa, besi na maiki vinakufa pamoja. Vinavyobaki ni drams, tumba, manyanga, tarumbeta, saksafoni na makoo ya watu. Hebu itazame orodha hiyo. Ni bendi kamili ya kutembea nayo barabarani, karibu kabisa na ile ya msafara. Waimbaji wanaziacha maiki na kushuka hadi kwa wachezaji, ukumbi unapokea kiitikio, na gizani wimbo unanoga kuliko ulivyokuwa. Tatizo linakuja umeme ukirudi, na ni matatizo mawili.

La kwanza ni la fundi mitambo. Umeme unaporudi na sauti zikiwa juu vile vile, spika hutoa, maiki iliyoachwa wazi hupokea, amplifaya hukuza, spika hutoa tena zaidi, na kabla hujapepesa macho mluzi umeshaenea chini ya bati lote. Fundi mzuri, taa zikizimika, mkono wake wa kwanza ni kwenye vitufe vya sauti, vyote chini.

La pili ni la hila zaidi. Watu wakiimba bila chombo cha kuwashikia ufunguo, huteleza. Hushuka polepole, nusu sauti ndani ya dakika chache, na hawajui kwa sababu wameshuka wote. Gitaa halikushuka. Siku moja umeme ulirudi tukiwa katikati ya kiitikio, magitaa matatu yakaingia kwa furaha, na tukajikuta ukumbi mzima unaimba wimbo mmoja kwenye funguo mbili. Mwimbaji wetu alisema baadaye kwamba alidhani amepata kiharusi. Tangu siku hiyo mpiga saksafoni alipewa kazi ya ziada: giza likiingia, arudi kwenye ile sauti ya msingi kila mwisho wa mstari na kuipiga ndefu, watu waiegemee. Pembe ikawa kigingi ambacho ng'ombe wote wamefungiwa.

Limebaki la watu. Tarehe 20 Novemba 1973, karibu na San Francisco, mpiga drams wa The Who, Keith Moon, alianguka katikati ya onyesho. Wenzake wakauliza ukumbini kama kuna anayeweza kupiga drams, akapanda kijana wa miaka 19, Scot Halpin, akamalizia nao. Kisa kitamu, na kinaonyesha pia kwamba bendi ile kubwa haikuwa na mtu wa pili wa kazi ile. Bendi ya dansi ilipiga kutoka saa tatu za usiku hadi karibu alfajiri, na hakuna mguu unaohimili pedeli muda wote huo. Kwa hiyo kulikuwa na zamu: kijana wa manyanga anajua tumba, wa tumba anajua drams, wa ridhimu anaweza kukaa kwenye besi mwenzake akienda kujisaidia. Zamu iliwekwa kwa sababu ya uchovu, ikatumika kwa ajali. Ni studio pekee iliyowanyima mwanya huo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote wanarudia tangu mwanzo. Ukizisikia zile rekodi zilivyokaa sawa, kumbuka kwamba waliozipiga walikuwa wamezoea kudakana kila usiku.

Tumba zetu zilirudi kutoka Kigoma siku ya nne, zikinuka dagaa mpaka ndani ya ngozi. Mpiga tumba akazipokea, akazigonga, akazisifu kwa kurudi salama. Kisha akaniambia sanduku la chai lisitupwe. Kiongozi wa bendi alicheka, halafu akachukua daftari la vyombo, na chini ya tumba mbili na manyanga jozi moja akaandika: sanduku, moja. Safari iliyofuata nililipakia mimi mwenyewe, na pande zake zote nne nikaandika kwa chaki, herufi kubwa: MWANZA.