Modeli Zangu au Modeli Wangu?

Mwaka 1918 mchoraji Mjerumani Wilhelm Kuhnert alitoa kitabu, Im Lande meiner Modelle. Hebu, msomaji, tukitafsiri kichwa hicho: ‘Katika Nchi ya Modeli…’ zangu au wangu? Kijerumani hakiulizi swali hilo. Kiswahili kinauliza, na hakikubali kupigwa chenga. Najua tunasema ‘rafiki zangu’, lakini kitenzi hakidanganyi: rafiki zangu wamekuja. Je, modeli wa Kuhnert ‘wamelala’ au ‘zimelala’?

Modeli hao ni simba, ndovu na pundamilia. Kuhnert, aliyezaliwa 1865 na kusomea sanaa Berlin, alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo, kwa mara ya kwanza 1891. Wachoraji wengi wa Ulaya walitegemea simba wa vizimbani. Yeye alimfuata porini. Mkono wake haukuwa na mchezo: nyasi anazochora unazisikia zikikwaruza miguu. Lakini bwana huyu alikuwa mwindaji vilevile. Wengi wa modeli wake aliwapiga risasi kwanza, kisha akaketi kuwachora. Mimi nachagua ‘wangu’, ili kitenzi kinachofuata kiwe ‘waliouawa’.

Picha zake zilienea kupitia vitabu vya wanyama, chati za madarasani, hata kadi za chokoleti. Chapa za rangi za enzi ile zilitoka mara nyingi kwenye jiwe: unachora kwa mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha maji, na wino unashika penye mafuta tu. Jiwe moja, nakala maelfu. Simba wa namna hiyo, peke yake, bila kijiji wala mchungaji, ndiye ninayemwona hadi leo kwenye ubavu wa matatu za Buruburu. Vijana wetu wamempa rangi kali na miwani, ila upweke wake wameurithi mzimamzima.

Maana nchi ya modeli, ukiitazama vizuri, haina wenyeji. Wapagazi waliombebea vyombo vyake hawaonekani kando ya simba hao. Lakini 1905 Kuhnert alikuwapo Mahenge wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia boma, naye akiwa upande wa Wajerumani. Mwaka 1908 akaichora vita hiyo. Humo ndimo watu walimopata nafasi.

Picha hiyo bado sijaiona kwenye matatu.