Subira Iliyomo Ndani ya First Take

Roberta Flack alipofariki dunia Februari 24, 2025, akiwa na umri wa miaka 88, kituo kimoja cha redio nilichokuwa nikikisikiliza kilimkumbuka kwa wimbo mmoja, kisha kikaukatisha katikati ili tangazo la biashara lipite. Sikushangaa, lakini iliniuma. Katika waimbaji wote waliochanganya soul na jazi nchini Marekani, huyu ndiye aliyestahili kuachwa amalize. Ufundi wake wote ulisimama juu ya kutokuwa na haraka.

Watu wa rika langu huku kwetu tulimjua kwa kuzunguka. Mwaka 1996 kundi la Fugees liliporudia Killing Me Softly with His Song, wimbo ulitapakaa kwenye daladala na kumbi za harusi, na wengi waliamini ni mali ya mwimbaji wa kundi hilo, Lauryn Hill. Wachache waliuliza ni nani aliyeupandisha chati kabla yake, mwaka 1973. Na katika hao wachache, ni wangapi waliorudi nyuma hadi Juni 1969, ilipotoka albamu ya kwanza ya Flack, First Take, yenye nyimbo nane? Hiyo ndiyo ninayoisifu hapa. Ndani yake ufundi wa mama huyu umekaa peupe, kabla umaarufu haujaugusa.

Ilirekodiwa Februari mwaka huo jijini New York kwa ajili ya kampuni ya Atlantic, mtayarishaji akiwa Joel Dorn. Inaelezwa kwamba kazi nzima ilichukua muda wa saa kumi hivi. Msikilizaji wa leo akiambiwa hivyo atadhani ni kazi ya kulipua. Lakini miezi mitatu tu kabla ya hapo, Novemba 1968, Flack alikwishaketi mbele ya piano akarekodi nyimbo 39 za majaribio, na hazikumchukua hata saa kumi. Hakuzitafuta kwa ajili ya studio. Alikuwa akiziimba usiku baada ya usiku katika baa ya Mr. Henry's, mtaa wa Capitol Hill, Washington, ambako mwenye baa alifikia hatua ya kumtengenezea chumba chake ghorofani ili watu waje kusikiliza na si kunywa tu. Huko ndiko alikomkuta mpiga piano wa jazi Les McCann, ambaye alimrekodi kwenye kanda na kupeleka habari zake Atlantic. Kwa hiyo saa zile kumi zilikuwa na miaka nyuma yake, na miaka hiyo ndiyo tunayoisikia.

Mchana alikuwa mwalimu.

Jambo hili huguswa kwa sentensi moja katika wasifu wake, kisha waandishi hukimbilia tuzo. Mimi naliona ndilo ufunguo. Alizaliwa 1937 Black Mountain, jimbo la North Carolina, akakulia Arlington, Virginia, katika nyumba ambayo mama alipiga kinanda kanisani, na baba aliokota piano kuukuu jalalani, akaitengeneza na kuipaka rangi ya kijani ili bintiye apate pa kujifunzia. Akiwa na miaka 15 aliingia Chuo Kikuu cha Howard kwa ufadhili wa masomo ya muziki. Alijifunza piano ya muziki wa kale wa Ulaya, na ndoto yake ilikuwa huko, kwenye kumbi kubwa, lakini katika Marekani ya miaka ile msichana mweusi mwenye ndoto ya namna hiyo hakuwa na milango mingi ya kubisha. Akaenda kufundisha, kwanza Farmville katika jimbo alilozaliwa, halafu katika shule za Washington.

Katika shule mojawapo jijini humo aliifundisha kwaya ya wasichana wimbo uitwao The First Time Ever I Saw Your Face. Ni wimbo wa mapenzi ambao Ewan MacColl, mwimbaji wa nyimbo za asili wa Uingereza, aliutunga mwaka 1957 kwa ajili ya Peggy Seeger, aliyekuja kuwa mkewe. Kuna anayeweza kushangaa mwalimu kuwapa mabinti wa umri ule wimbo wa namna hiyo. Lakini ukifikiri, hakuna wimbo mzuri zaidi wa kuwafundishia watoto kupumua. Mistari yake ni mirefu, haina pa kujificha, na sauti inabidi ishikwe mpaka mwisho bila kutetereka.

Nilipata kuwa chini ya mwalimu wa kwaya wa aina hiyo. Alikuwa mzee mkavu, mwenye fimbo nyembamba ambayo kazi yake ilikuwa kugonga ukingo wa meza tu. Hakuwahi kututaka tupaze sauti. Alitutaka tuishushe, kisha tuishike hapo ilipo huku yeye akigonga taratibu, na aliyeiachia kabla ya wakati alirudishwa peke yake mbele ya wenzake. Tulimchukia kidogo. Ilituchukua muda kutambua kwamba kuimba kwa nguvu ni rahisi, na kwamba sauti ya chini isiyoanguka ndiyo inayomtoa mtu jasho. Nikimsikia Flack akiingia kwenye ubeti wa kwanza wa wimbo ule, namsikia na mwalimu wangu akigonga meza.

Usikilize wenyewe. Una dakika 5 na sekunde 22, wakati Seeger aliuimba kwa takriban nusu ya muda huo. Gitaa la Bucky Pizzarelli linatangulia, halipigi nyuzi zaidi ya zile zinazohitajika. Besi ya Ron Carter inaweka noti moja chini na kuiacha izame. Kisha sauti inakuja bila kujitangaza. Flack anaumaliza mstari, halafu anangoja. Muda huo wa kungoja ni mrefu kiasi kwamba msikilizaji wa mara ya kwanza hudhani kuna kosa. Hakuna kosa. Piano inajibu kwa sauti mbili tatu, fidla zinapita kwa mbali, na yeye bado anangoja, mpaka maneno aliyoyasema yawe yamefika. Ndipo anaendelea. Wimbo unapanda hatua kwa hatua, na hata unapofika kileleni hapigi kelele. Anafungua sauti, basi.

Subira hiyo aliitoa wapi? Nadhani ilimjia kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni kanisa la AME Zion alikokulia, ambako tenzi ziliimbwa kwa utaratibu wa kitabu. Ya pili ni mazoezi yake ya Howard, maana mpiga piano aliyefunzwa vipande vya polepole vya mabwana wa Ulaya anajua kwamba noti iliyochelewa ina uzito kuliko tano zilizowahi. Ya tatu ni jazi, na hapa ndipo Ron Carter anapohusika. Alikuwa ametoka kwenye kundi la Miles Davis, alikokaa kuanzia 1963 hadi 1968, na kwa Miles kunyamaza kulihesabiwa kuwa sehemu ya muziki. Mkutanishe mtu huyo na mwalimu wa kwaya aliyelelewa kwenye tenzi, nawe utapata kitu ambacho hakuna fundi mitambo anayeweza kukitengeneza.

Wimbo huo ulikaa miaka miwili bila kelele. Clint Eastwood alipoutaka kwa ajili ya filamu yake Play Misty for Me ya 1971, Flack, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alitaka kuurekodi upya na kuuongezea kasi kidogo. Eastwood akakataa, akautaka jinsi ulivyo. Baada ya filamu kampuni ikautoa kwenye santuri ndogo mwaka 1972, ukakaa namba moja Marekani kwa wiki sita na kuivuta albamu nzima hadi namba moja, na mwaka uliofuata ukapata Grammy ya rekodi ya mwaka. Lakini kwa ajili ya redio ulikatwa zaidi ya dakika moja. Hata siku za ushindi wake, haraka ya watu ilimfuata na mkasi.

Sitaki wimbo mmoja uzifunike saba zilizobaki. Albamu inafunguliwa na Compared to What, utunzi wa Gene McDaniels dhidi ya unafiki na vita ya Vietnam. Besi inaanza peke yake, inazunguka, ngoma zinaingia, na matarumbeta yaliyopangwa na William Fischer yanachoma pale tu panapostahili kuchomwa. Les McCann na Eddie Harris waliupiga wimbo huohuo Montreux mwaka uleule wa 1969 na ukawa moto wa jukwaani, nami naupenda moto huo. Flack anaipika hasira hiyohiyo kama wali uliopaliwa makaa: huoni ndimi za moto, ila joto linafika kila punje. Tryin' Times aliupata kwa Donny Hathaway na Leroy Hutson. Hathaway naye alipitia Howard, miaka kadhaa baada yake. Wimbo wa Leonard Cohen ulio humu nausikiliza na kupita. Ni mzuri, ila haunishiki kama wengine.

Unaonishika ni Angelitos Negros. Ni shairi la Andrés Eloy Blanco wa Venezuela, lililotiwa muziki na kuimbwa sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini. Linamuuliza mchoraji wa picha za kanisani kwa nini, katika malaika wote aliowachora, hajawahi kumchora hata mmoja mweusi. Flack aliliimba kwa Kihispania chake cha kujifunza, mbele ya soko la Marekani, katika albamu yake ya kwanza kabisa, kwa karibu dakika saba. Mshauri yeyote wa biashara angemkataza. Mtoto wa kanisa na mwalimu wa watoto weusi hakuona sababu ya kuliacha. Sauti yake humo haina manung'uniko. Inauliza, inarudia kuuliza, kwa adabu ileile ya mtu anayejua kwamba jibu analidai kwa haki.

Leo kila mwenye simu ana studio, na sina ugomvi na simu. Ninachokililia ni kile chumba cha ghorofani. Mwimbaji mchanga wa sasa anarekodi kabla hajaimba, kisha anatafuta pa kuimba akiwa amekwishajulikana. Ana nyimbo tatu, zote zimenyooshwa na kompyuta, na hajapata kuona uso wa msikilizaji aliyechoka saa sita za usiku akibadilika kwa sababu noti moja imeshikwa vizuri. Hana 39 za kuchagulia nane. Na sisi wasikilizaji tumemharibu zaidi, maana tunampa sekunde chache, asipotukamata tunamruka.

Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Flack ana ugonjwa wa ALS, ule unaonyong'onyeza misuli, na kwamba hawezi tena kuimba. Kwa mtu ambaye kila kitu chake kilitegemea pumzi, sidhani kama kuna habari ya kusikitisha kuliko hiyo.

Albamu inafungwa na Ballad of the Sad Young Men, wimbo wa Tommy Wolf na Fran Landesman uliotoka kwenye mchezo wa muziki wa jukwaani wa mwaka 1959. Unasimulia vijana wanaozeekea kwenye baa huku ujana ukiwaponyoka. Nao unachukua kama dakika saba, na Flack, ambaye kwa miaka aliwatazama vijana wa namna hiyo kutoka kwenye kiti chake cha piano, hamhukumu hata mmoja wao. Wengi wanaousifu ule wimbo wa Eastwood hawajawahi kufika hapa, kwa sababu uko wa nane na siku hizi nyimbo huchomolewa mojamoja. Huu ndio ninaousikitikia kuliko wote, maana ndipo kanisa lake, Howard yake na zile saa za usiku za Mr. Henry's zilipokutana bila kubanwa, na katika waimbaji wapya ninaowafuatilia sijamsikia hata mmoja akithubutu kuuimba kwa mwendo ule.